PLAGI NYEUSI NA MSHAHARA WA DEREVA

(Maneno ya fundi mmoja wa malori mbele ya madereva, mataniboi na makanika wa Kitui na Makueni. Yamepigwa chapa kwa ajili ya wanachama ambao hawakuweza kufika.)



Nimeombwa na halmashauri niseme machache juu ya plagi zinazoshika masizi katika injini zilizobadilishwa. Nimeona wengine wenu wakicheka, kwa sababu malori mengi ya siku hizi ni ya dizeli na hayana plagi hata moja. Ni kweli. Lakini pikapu za petroli zingali nyingi hapa kwetu, pampu za maji kando ya mito zina plagi, na bodaboda za petroli zina plagi. Tena wale wanaofanya kazi kwa tajiri mwenye gari kuukuu wanajua kwamba injini yake ni kama shuka la viraka. Basi nisikilizeni, maana jambo hili si la spana tu. Ni jambo la mshahara wa mtu.

Mwaka 1994 nilikuwa makanika msaidizi katika gereji moja mjini Kitui. Palikuwa na lori la Bedford la petroli, silinda sita, likichukua mchanga, na wakati wa maembe likichukua maembe upande wa Makueni. Injini ilikuwa imechoka, na tajiri alitaka nguvu zaidi ya kupandia milima ya Mbooni. Basi silinda zikachongwa zikapanuliwa, zikatiwa pistoni kubwa kidogo, na juu yake ikafungwa kabureta iliyotolewa katika injini nyingine, kubwa kuliko ile. Chujio la hewa la zamani halikuenea juu ya kabureta hiyo, kwa hiyo tukakata debe, tukatengeneza kopo na kuweka kitambaa ndani. Nasema tukakata kwa sababu mkasi niliushika mimi.

Wiki ya tatu lori likaanza kukohoa na kunywa petroli kama ng'ombe aliyetoka Kyuso wakati wa kiangazi. Dereva, mtu mzima mwenye watoto shuleni, akaambiwa kwamba anauza petroli njiani. Mshahara wake wa mwezi huo ukakatwa wote. Lori likaletwa gereji, nikafungua plagi sita, zote nyeusi. Nikafanya kama vijana wote wafanyavyo: nikazitia katika petroli, nikazisugua kwa brashi ya waya mpaka zikang'aa, nikazirudisha. Injini ikanguruma vizuri. Tajiri akasema, "Mnaona? Gari halina kasoro, mwizi ni dereva." Hivyo ndivyo nilivyofuta ushahidi wa mwenzangu kwa mkono wangu mwenyewe.

Baada ya siku kumi plagi zikawa nyeusi tena. Safari hii mzee aliyekuwa mkubwa wa mafundi alinizuia. Alichukua ubao, akatoboa matundu sita, akaandika 1 mpaka 6 kwa chaki, na kila plagi ikakaa katika tundu la silinda yake, chafu kama ilivyotoka. Kisha akaniita nizisome.

Plagi yenye afya, ile pua yake ya kauri huwa na rangi ya kahawia hafifu au ya kijivu, na ni kavu. Ikiwa nyeusi na kavu, masizi yanafutika kwa kidole, basi petroli ni nyingi kuliko hewa, au cheche ni dhaifu, au plagi yenyewe ni baridi mno kwa kazi hiyo. Ikiwa nyeusi, imelowa, na inateleza, hiyo ni oili. Ikiwa imelowa na inanuka petroli, silinda hiyo haikuwaka. Na ikiwa nyeupe kama chokaa, ina vipele vya kuyeyuka, hapo joto limezidi: pengine petroli ni kidogo, pengine cheche inawahi mno. Hiyo ya mwisho msiiache hata siku moja, maana inatoboa pistoni.

Zile za kwetu, kuanzia 1 mpaka 5 zilikuwa nyeusi na kavu. Ya 6 ilikuwa imelowa oili. Mzee akaniambia neno ambalo nimelitumia mpaka leo: ugonjwa ulioshika silinda zote utafute katika kitu wanachoshirikiana wote, yaani kabureta, chujio la hewa, koili na pointi, ugonjwa ulioshika silinda moja utafute katika silinda hiyo hiyo. Kumbe tulikuwa na magonjwa mawili, na mimi nilikuwa nimeyasugua yote kwa brashi moja.

Ugonjwa wa kwanza ulikuwa kabureta. Jeti yake, yaani kile kitundu cha shaba kinachopima petroli, ilikuwa ya injini kubwa. Na sisi hapa hatukai pwani. Kitui na Wote ziko zaidi ya mita 1,000 juu ya bahari, na huku juu hewa ni nyepesi kuliko ya Mombasa kwa kadiri ya sehemu moja katika kumi. Kabureta ya kawaida haijui kwamba imepanda. Inaendelea kumwaga petroli karibu ileile katika hewa iliyopungua. Kwa hiyo kabureta iliyo kubwa kidogo Mombasa ni kubwa sana Mbooni. Ongeza kile kitambaa chetu kilichojaa vumbi jekundu, hewa ikazidi kuzibwa.

Ugonjwa wa pili ulizaliwa na ule wa kwanza. Petroli ikizidi huosha oili katika kuta za silinda, na vumbi lililopenya kitambaa husaga ringi kama msasa. Tulipofungua, ringi moja ya silinda ya 6 ilikuwa imevunjika.

Lakini msikimbilie kufungua injini. Kwanza hamisha plagi: ile yenye oili itie katika silinda ya 2, na ya 2 itie katika ya 6. Ukiona baada ya safari kwamba ya 6 imelowa tena, plagi haina kosa. Kisha pima mgandamizo wa silinda. Ukiwa mdogo, mimina kijiko cha oili katika tundu la plagi upime tena. Ukipanda, ringi zimechoka. Usipopanda, tazama valvu. Na dereva anaweza kupima bila chombo chochote. Mkishuka Mbooni mguu ukiwa nje ya petroli, kisha ukakanyaga huko chini na moshi wa buluu ukaruka mara moja, oili inapita kwenye valvu. Moshi wa buluu ukikufuata mlima mzima unapopanda na mzigo, ni ringi. Moshi mweusi ni petroli. Taniboi anayekaa nyuma huuona moshi huo kabla ya mtu mwingine, na ni vizuri aulizwe.

Jambo lingine: msisome plagi baada ya gari kunguruma mahali pamoja nusu saa. Hapo hata injini nzima hutia masizi. Plagi hujisafisha yenyewe pua yake ikifika digrii 450 sentigredi hivi, na injini isiyo na kazi haifiki hapo. Endesheni na mzigo, simameni mahali tambarare, zimeni injini mara moja, ngojeni ipoe kidogo ndipo mfungue. Msizime injini mteremkoni, kwa maana breki nyingi husaidiwa na injini. Na brashi ya waya iacheni: huacha chembe za chuma juu ya kauri, na cheche hupita njia hiyo badala ya kuruka.

Sasa niwaambie mtego ambao umewanasa hata mafundi wenye mvi. Plagi ziko za moto na za baridi, na namba ndiyo inayoonyesha. Kwa NGK namba ikiongezeka plagi ni baridi zaidi, kwa hiyo BP5ES ni ya moto kuliko BP6ES. Kwa Champion na Bosch ni kinyume, namba ikiongezeka plagi ni ya moto zaidi. Mtu akitoka plagi za kampuni hii kwenda za ile kwa kufuata namba tu, anaweza kutia baridi akidhani ni moto. Tena wako wanaotia plagi ya moto ili kuficha masizi ya kabureta mbovu. Masizi hupungua kweli, lakini siku jeti itakaporekebishwa plagi hiyo itapata joto kupita kiasi. Nawaomba pia msifuate kila rangi iliyo katika vitabu vya zamani. Kufika mwaka 2006 Kenya ilikuwa imeacha petroli yenye risasi, na petroli ya sasa huacha plagi nyeupe-nyeupe kidogo kuliko zamani.

Turudi kwa dereva. Mzee hakubishana na tajiri. Alimwaga tangi, akatia debe moja la petroli mbele ya macho yake, akamkalisha tajiri mwenyewe katika kebini, lori tupu, safari ya Mutomo. Petroli iliisha kabla ya kufika. Tulipobadilisha jeti, tukaweka chujio la kweli na kutengeneza silinda ya 6, debe moja lilitufikisha. Tajiri aliutazama ubao ule muda mrefu. Fedha alizokuwa amemkata dereva mwezi wa pili alizirudisha. Za mwezi wa kwanza hakurudisha mpaka leo, kwa kuwa plagi za mwezi ule zilikuwa zimesafishwa na hapakuwa na kitu cha kuonyesha.

Leo iko Sheria ya Ajira ya mwaka 2007. Kifungu cha 19 kinamruhusu mwajiri kukata kiasi cha haki kwa hasara iliyoletwa na kosa la kusudi la mfanyakazi, na makato yote pamoja yasizidi theluthi mbili ya mshahara. Jeti kubwa si kosa la kusudi la dereva. Kifungu cha 41 kinasema kwamba kabla ya kumfukuza mtu kwa utovu wa nidhamu, mwajiri amweleze sababu kwa lugha anayoielewa, na mfanyakazi ana haki ya kuwa na mwenzake au mjumbe wa chama wa hapo kazini. Mjumbe akienda mikono mitupu ataulizwa, "Wewe unajua nini juu ya injini?" Aende na plagi.

Kwa hivi, dereva akilalamikiwa petroli, makanika asisafishe kitu. Fungua plagi mbele ya watu wawili, andika namba ya silinda, tarehe na kilomita, funga kila moja katika karatasi yake, na mwenye simu apige picha palipo na mwanga wa jua. Andika pia kitu gani kilibadilishwa katika injini, na lini. Nimeuleta ubao hapa mezani pamoja na plagi nane kutoka magari mbalimbali. Njooni mzishike, mniambie kila moja ilitoka katika injini ya namna gani, kisha nitajibu maswali.