Mzigo Ulio Chini ya Turubai

Wasikilizaji wetu, na hasa ninyi wa Handeni na Korogwe mkaao kando ya barabara kuu, leo twapenda kunena habari za mzigo upitao mbele ya milango yenu, nanyi hamwuoni sawasawa kwa kuwa umefunikwa.

Mzigo huo ni koili, yaani bati refu mno lililoviringwa kama mkeka, likaacha tundu katikati. Malori huzichukua koili kutoka Dar es Salaam, hupita Chalinze, Mkata, Kabuku na Segera, kisha Korogwe, yakielekea kaskazini. Kiwandani bati hilo hukunjuliwa, likapigwa migongo na kukatwa, likawa mabati ya kuezekea nyumba zetu.

Watu wengi hulitazama lori la namna hiyo, wakaona turubai limevutwa na kamba zake zimekazwa, wakasema, "Dereva huyu amefunga vyema." Kumbe turubai ni nguo tu. Huzuia mvua na vumbi, chuma halikizuii.

Ninyi wa Ngombezi na Magunga mwajua kupakia katani. Robota moja huwa na uzito wa kilo 250 hivi, nayo ina pande bapa, ukiiweka hukaa. Lakini koili ya tani 8 ni sawa na robota 32 zilizofanywa kitu kimoja cha mviringo. Wanafunzi na wachukue kalamu. Kanuni za Ulaya na za Marekani huhesabu kwamba breki ikikanyagwa kwa nguvu, mzigo waweza kusukuma mbele kwa sehemu 8 katika 10 za uzito wake. Basi tani 8 zitasukuma kama tani 6 na sehemu 4 za kumi. Mbuzi mmoja akikatiza njia ghafula, kamba ya katani itafaa nini?

Tena twatazama tundu la koili limeelekea wapi. Likielekea ubavuni mwa lori, koili hutaka kuviringika mbele, hata penye kiti cha dereva. Likielekea mbele na nyuma, hutaka kuanguka kando, penye waendao kwa miguu. Kwa hiyo kwanza hulazwa juu ya mbao nene zenye kabari pande zote mbili, isiguse sakafu ya lori, kama mtungi uwekwavyo juu ya kata. Kisha minyororo hupitishwa ndani ya tundu, mmoja ukivuta mbele na mwingine nyuma, ikakazwa. Sheria ya Marekani ina kanuni za peke yake kwa koili za ratili 5,000 na zaidi, wala haikubali kabari zishikwe kwa misumari peke yake. Nasi twaona ni haki, maana msumari hung'oka.

Baada ya hayo ndipo turubai lifuatapo, nalo lina elimu yake. Bati lililopakwa zinki likishika maji katikati ya mikunjo yake, huota unga mweupe, likaharibika kabla halijaezeka nyumba. Na maji si ya mvua tu. Chuma kilichopoa usiku kikikutana na hewa ya unyevu asubuhi hutoka jasho, kama mtungi wa maji baridi. Hivyo turubai huinuliwa kwa mbao, hewa ipite, wala halifunikwi juu ya koili yenye maji.

Lakini shida yenyewe ni hii: minyororo hulegea mzigo unapojikalia njiani, na aliyeifunika haioni. Huko Marekani dereva hutakiwa kuukagua mzigo kabla ya kupita maili 50 za kwanza, kisha tena na tena. Kufungua turubai pale Segera juani, na kulifunga tena, ni kazi ya jasho, na utingo aliyechoka huipiga turubai kofi akasema, "Twende." Heri achelewe nusu saa.

Tena utingo huyo asipande kulala juu ya turubai, wala mtu asiombe kuchukuliwa huko. Na ninyi mwuzao machungwa, lori likisimama, mkaona mnyororo unaning'inia au turubai limeinama upande mmoja, ondokeni upande ule pamoja na watoto, mkamwite dereva kutoka mbali.