Kaya Iliyofungiwa Isikose Unga

(Maneno ya Kamati ya Ustawi yaliyosomwa kwenye mkutano wa wanachama)



Tumepewa nafasi tuseme juu ya jambo moja lililo kwenye ajenda: je, chama chetu kiweke akiba ya chakula kwa ajili ya kaya zitakazopatwa na ugonjwa wa mlipuko, ama kisiweke? Wapo wenzetu wanaosema, "Ushirika wetu ni wa alizeti. Magonjwa ni kazi ya zahanati." Hoja hiyo si ya kupuuzwa, na tutaijibu. Kwanza tukumbushane.

Mgonjwa wa kwanza wa Korona nchini alitangazwa tarehe 16 Machi 2020, kule Arusha. Kesho yake Serikali ikatangaza kufunga shule. Watoto wa shule za msingi wakakaa nyumbani mpaka tarehe 29 Juni. Nchi yetu haikufungia watu ndani kama nchi nyingine zilivyofanya, jembe liliendelea. Lakini dhiki ilitufikia kwa njia nyingine. Mwezi Mei Kenya ilifunga mpaka wake na sisi, ikaruhusu magari ya mizigo tu, na dereva sharti apimwe kwanza. Mwenye vitunguu anajua maana ya lori kulala njiani. Kitunguu hakingoji.

Na majumbani je? Mama ana watoto nyumbani kutwa nzima, na debe la unga ni lile lile. Mzee anayeishi peke yake, aliyezoea kupitiwa asubuhi kwa salamu, watu wanaogopa kumsogelea. Mtu akikohoa, wenzake wanabadili njia. Aliyefiwa anazika na watu wachache, halafu anabaki na kilio chake mwenyewe. Ndugu zangu, hofu nayo ni ugonjwa. Humfanya mtu afiche homa yake mpaka imzidi.

Sasa hebu tujiulize, kwa nini mtu anaificha? Mara nyingi ni kwa sababu ya tumbo. Kumwambia mtu akae ndani siku 14 wakati wa palizi, na unga alionao ni wa siku tatu, ni sawa na kumwambia atoroke usiku. Atatoka tu, na ugonjwa atatoka nao. Kwa hiyo kumlisha aliyefungiwa si huruma tupu. Ni kinga yetu sisi tuliobaki nje.

Jambo hili halikuanza na Korona. Wagogo, wakiwemo wa Manyoni hapa hapa mkoani kwetu, wanaikumbuka njaa waliyoiita Mtunya, ya mwaka 1917 hadi 1920. Majeshi ya vita vya Wazungu yalichukua nafaka, yakachukua ng'ombe, yakachukua na wanaume wa kubeba mizigo. Mvua nayo ikakosekana. Katikati ya njaa hiyo yakaja mafua makali ya mwaka 1918 yaliyozunguka dunia nzima. Yaliwakuta watu ghala zikiwa tupu. Ugonjwa na njaa vikikutana mlango mmoja, nyumba haina mtetezi.

Wengine watasema hayo yamepita. Kweli, chanjo ya Korona ilizinduliwa nchini tarehe 28 Julai 2021, na tarehe 5 Mei 2023 Shirika la Afya Duniani likatangaza kwamba dharura ile imekwisha. Lakini mwezi Machi 2023 Marburg ilitangazwa mkoani Kagera, na Januari 2025 ikatangazwa tena mkoani humo, wilaya ya Biharamulo. Zote mbili zilidhibitiwa. Ila barabara kuu ya kutoka huko kwenda Dodoma inapita Kahama, Nzega na Singida. Tusiseme ni mbali.

Tuwajibu basi wenzetu wa alizeti. Zahanati ina dawa, haina mtama. Serikali ina kazi yake na tutafuata maagizo yake, lakini maji ya kumpelekea jirani hayangoji barua. Tena kanuni ya saba ya ushirika, waliyokubaliana wanaushirika wa dunia mjini Manchester mwaka 1995, ni kujali jamii. Na ile alizeti italimwa na nani, mwanachama akiwa kitandani?

Tunapendekeza haya:

1. Baada ya mavuno, kila mwanachama atoe debe moja la uwele au mtama. Wanachama 60 ni debe 60, yaani magunia 10. Yawekwe kwenye mifuko isiyopitisha hewa, nyuma ya kufuli mbili: ufunguo mmoja kwa mtunza ghala, wa pili kwa mama atakayechaguliwa na mkutano huu. Yasipotumika, yakopeshwe Januari hadi Machi, yarudishwe kwenye mavuno.

2. Liwepo daftari la wazee walio peke yao, wajane, walemavu na wanaotumia dawa kila siku. Kila mmoja apangiwe nyumba mbili za kumwangalia. Daftari lisiandike ugonjwa wa mtu.

3. Iwepo zamu ya maji na kuni. Mzigo uwekwe ukingoni mwa ua, mletaji aite kwa sauti, asiingie. Kila nyumba iwe na kibuyu chirizi na sabuni.

4. Shule zikifungwa, watoto wa kike waangaliwe zaidi. Mtoto akitendewa ubaya, ipigwe namba 116. Maswali ya ugonjwa yaulizwe 199. Zote ni bure.

5. Mfiwa asiachwe. Rambirambi ipelekwe hata kama matanga hayaruhusiwi, na hatari ikipita tuende kukaa naye.

Hesabu ya kila debe itabandikwa ukutani hapa kila mwezi, aliyetoa na aliyepewa gunia ngapi, bila kumtaja mpewaji kwa jina. Anayepinga asimame aseme, tumsikilize. Anayekubali ajiandae na debe lake, maana mkono mtupu haulambwi.

Sisi tumesema yetu. Kura ni yenu.

Ushirika ni nguvu.