Neno "Worship" katika Hadithi za Mfalme Arthur

Mazungumzo ya leo yatatufikisha Uingereza ya karne ya 15, kwenye kitabu cha hadithi za Mfalme Arthur na mashujaa wake wa Meza ya Duara, alichokiandika kwa nathari Sir Thomas Malory, akakimaliza baina ya mwaka 1469 na 1470 hali yu mahabusi, kwa kauli yake mwenyewe, akiwasihi wasomaji wamwombee kwa Mungu apate kufunguliwa. William Caxton ndiye aliyekipiga chapa huko Westminster, tarehe 31 Julai 1485.

Katika kitabu hicho kirefu nimechagua neno moja tu, nalo ni "worship". Aliyesoma Kiingereza cha siku hizi, alionapo neno hili, fikira zake huenda moja kwa moja kwenye ibada, na akikuta kwamba shujaa fulani ameingia vitani ili apate "worship", hustaajabu, asijue kama mtu yule ataka kusujudiwa. Sivyo hata kidogo. Asili yake ni neno la Kiingereza cha kale lenye maana ya thamani, lililounganishwa na kiambishi cha hali. Na ingawa zama za Malory maana ya kumwabudu Mungu ilikuwa imekwisha kuzoeleka, wakitafutacho mashujaa wake ni heshima. Lakini heshima yenyewe ina sura nyingi.

Aghalabu huwa ni jaha, sifa ipatikanayo uwanjani mbele ya macho ya watu, na kinyume chake ni fedheha. Hata hivyo, katika mashindano makubwa ya mikuki, shujaa Gareth, aliyekuwa upande wa mfalme, alipomwona shujaa mwenzake Lancelot amezongwa na watu wengi, aliwaacha wenzake akaenda kumsaidia. Na mfalme alipomlaumu, alijibu kwamba Lancelot ndiye aliyempa cheo cha ushujaa, kwa hiyo "worship" yake ilimpasa amsaidie. Hapo neno halina maana ya sifa tena, bali ni wajibu wa muungwana kwa mfadhili wake, na Arthur, kwa insafu yake, aliikubali hoja.

Kisa cha shujaa Gawain ni kizito zaidi. Alimshinda adui yake, naye adui akaomba amani. Gawain akakataa, akainua upanga amkate kichwa, mara bibi wa yule mtu akajitupa juu yake, na pigo likamwangukia yule bibi, akafa. Gaheris, ndugu wa Gawain, akamkemea nduguye palepale, akimwambia kuwa shujaa asiye na huruma hana "worship". Baadaye mfalme akawaapisha mashujaa wote, na katika viapo vyao mlikuwamo kumpa amani aiombaye. Atakayevunja atanyang'anywa "worship" yake pamoja na himaya ya mfalme. Angalieni jinsi neno lilivyogeuka: kwa Gaheris ni tabia njema ya mtu, na katika kiapo ni cheo ambacho sultani hutoa na kutwaa.

Lakini kwa maoni yangu, hakuna mahali Malory alipolitumia kwa ustadi kuliko katika habari za shujaa Balin. Alikuja binti barazani kwa mfalme, kiunoni ana upanga usioweza kuchomolewa ila na shujaa mwema asiye na hiana. Akajaribu Arthur mwenyewe, wakajaribu wakuu wake, ukakataa. Balin alikuwa ametoka kifungoni karibuni, maskini, nguo zake duni, na binti alipomtazama akasita kumruhusu. Balin akamjibu kuwa wema wa mtu haumo katika mavazi, na kwamba "worship" husitirika ndani ya nafsi, na wengi walio nayo hawajulikani na watu. Akaushika upanga, ukatoka bila taabu. Ni vigumu kusoma maneno yale pasi na kumkumbuka mwandishi mwenyewe kule kifungoni. Na bado Malory hakumwachia Balin faraja hiyo: siku ya mwisho alishauriwa abadili ngao yake kwa nyingine kubwa zaidi, akakubali, na ndugu wawili, Balin na Balan, wakapigana pasipo kutambuana hata wakauana. Yule aliyesema thamani ya mtu haionekani kwa nje, aliangamia kwa kukosa alama ya nje.

Karne zilizofuata neno likaelemea ibada. Maana ya kale haikutoweka kabisa: vyama vya kale vya mafundi wa London, kile cha wafua dhahabu miongoni mwao, vingali nayo katika majina yao, na katika mahakama za Kenya, kwa miaka mingi, wakili asemaye Kiingereza alikuwa akimwita hakimu "Your Worship", pale ambapo sisi husema Mheshimiwa.