Chumba cha Kupanga Mjini na Haki ya Mpangaji

Mazungumzo ya Kamati ya Haki na Amani kwa wazazi na vijana wa Ilongero



Kila baada ya mavuno ya alizeti baadhi ya vijana wetu hufunga mizigo. Wengine huishia Dodoma, wengine huendelea hadi Dar es Salaam na kushukia kituo cha Mbezi. Tunawapa nauli, tunawapa nasaha juu ya ulevi na marafiki wabaya. Juu ya mahali watakapolala hatusemi neno, isipokuwa kwamba yuko ndugu atakayewapokea. Lakini ndugu huyo mwenyewe mara nyingi anaishi na watoto wanne katika chumba na sebule, huko Mbagala au Gongo la Mboto, na ukarimu nao una mipaka yake. Haupiti muda mrefu mgeni hana budi kutafuta chumba chake.

Hapo ndipo wengi hukwama. Kinachowashinda si kodi ya mwezi, bali desturi ya kudai kodi ya miezi sita, au ya mwaka mzima, kwa mkupuo mmoja. Tupige hesabu. Tuseme chumba na sebule ni shilingi 100,000 kwa mwezi. Miezi sita ni shilingi 600,000. Dalali naye hudai kodi ya mwezi mmoja kuwa ujira wake, jumla shilingi 700,000, na bado kijana hajanunua godoro wala ndoo ya maji. Mfanyakazi hulipwa mwisho wa mwezi. Mama lishe hupata chake siku kwa siku. Ni nani aliyekwisha kulipwa ujira wa miezi sita kabla hajaanza kazi? Kwa nini basi adaiwe kodi namna hiyo?

Hatupendi kuwahukumu wenye nyumba wote kwa jumla. Wengi ni wastaafu na wajane waliojenga tofali kwa tofali pasipo mkopo wa benki, na fedha hiyo ya mkupuo ndiyo inayopaua vyumba vya uani. Tena wapo wapangaji wanaohama usiku na kuacha deni. Hata hivyo si haki mzigo wa ujenzi kumwangukia yule asiye na kitanda.

Zamani ilikuwapo sheria ya kudhibiti kodi za nyumba, ya mwaka 1984, iliyoweka mabaraza ya kuamua kodi iliyo halali. Ilifutwa mwaka 2005, na tangu hapo kodi hutegemea mapatano. Shirika la Nyumba la Taifa, lililoanzishwa mwaka 1962, halina nyumba za kuwatosha wote. Kwa hiyo mpangaji wa kawaida yumo mikononi mwa mtu binafsi. Mapatano ya mwenye njaa na mwenye chakula tunayajua sisi watu wa Singida, tuliokwisha kuuza mtama shambani kabla haujakomaa.

Kwa kuwa mapatano ndiyo ngao iliyobaki, yaandikwe. Mkataba utaje kodi, muda, notisi ya kuhama, na nani atalipa maji, umeme na kunyonya choo. Kila malipo yawe na risiti. Tangu mwaka 2021 kodi ya jengo hukatwa mtu anaponunua umeme wa LUKU. Deni hilo ni la mwenye jengo, wala si la mpangaji. Basi iandikwe kwamba kilichokatwa kitatolewa katika kodi ya pango.

Madalali wako waaminifu, na wako matapeli wanaopokea fedha za watu watatu kwa chumba kimoja. Kijana asitoe hata senti kabla hajamwona mwenye nyumba, hajazungumza na wapangaji wengine, na hajauliza kwa mjumbe au ofisi ya serikali ya mtaa. Ugomvi ukizuka, Baraza la Kata husuluhisha. Likishindwa, shauri huenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Mwenye nyumba anayeng'oa mlango au kutupa vyombo nje kabla ya amri yoyote anajichukulia sheria mkononi, hata kama anadai kweli.

Nasi wazazi tunalo la kufanya. Magunia yote ya alizeti yakiuzwa mwezi wa mavuno, bei ikiwa chini, kwa ajili ya kodi ya mtoto mmoja, wadogo zake watakula nini mwezi wa pili? Ni heri vijana wawili wanaofahamiana wapange pamoja, kila mmoja alipe nusu, na waombe kwa upole kulipa miezi mitatu mitatu. Wako wenye nyumba wanaokubali, hasa kwa mpangaji aliyefika na barua ya utambulisho ya serikali ya kijiji. Barua hiyo itafutwe hapa hapa, kabla ya kukata tiketi.