Futari Isikupeleke Rumande



Magharibi ikikaribia, kila mtu mbio. Gari lapiga honi, mwenye baiskeli ya mikate hapishi, matusi yaanza, dereva ashuka kupigana. Ngoja kwanza! Kwa sheria za Kenya, ukimpiga mtu ukamjeruhi, kifungo chaweza kufika miaka 5. Ukimuua kwa kuendesha gari kwa hatari, chaweza kufika 10. Ukimgonga, usikimbie: simama, toa jina na anwani, ukishindwa, ripoti polisi kabla ya saa 24 kwisha.

Nawe wa baiskeli, ukivunja kioo cha gari kwa hasira, washtakiwa vilevile.

Ukichelewa, futari utaikuta nyumbani. Ukipigana, huenda ukafuturu rumande.