Tundu Dogo na Tundu Kubwa: Habari za Shabaha katika Bunduki za Upepo

(Hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama katika mkutano wa jioni)



Nimeamriwa na Halmashauri niseme machache juu ya jambo lililoleta ubishi katika mkutano uliopita, nalo ni hili: je, bunduki zetu mbili za upepo ziuzwe, na fedha za chama zinunue nyingine zenye tundu kubwa zaidi? Walioleta shauri hili walinena kwamba risasi ya milimita 4.5 ni ndogo mno, haishiki njia, na kwamba ile ya milimita 5.5 hupiga sawasawa zaidi kwa kuwa ni nzito. Fedha zenyewe ni michango ya watu wenye mishahara midogo, wala si jambo la kupitisha kwa kuinua mikono tu. Hapana budi kwanza tujue kama neno hilo ni kweli.

Bunduki ya namna yetu haina baruti. Ndani yake mna kamani nene ya chuma, na mbele ya kamani mna pistoni. Mtu aikunjapo kasiba kuelekea chini, kamani hukazwa ikanaswa na mtambo. Avutapo kifyatulio, kamani huachiliwa, pistoni huenda mbele kwa kasi, hewa hubanwa katika nafasi ndogo sana hata ikapata moto, ndipo isukumapo risasi. Sasa angalieni, mabwana: pistoni iendapo mbele, bunduki hurudi nyuma, nayo pistoni ifikapo mwisho wa safari yake, bunduki husukumwa mbele tena. Bunduki ya baruti hupiga teke kuelekea nyuma tu, lakini hii yetu huenda nyuma na mbele, na risasi ingali ndani ya kasiba. Mkono wako ukiizuia leo hivi na kesho vile, risasi mbili hazitafuata njia moja hata kidogo. Jambo hili lishikeni, maana nitalirudia.

Vipimo vya matundu vinavyojulikana zaidi ni vinne: milimita 4.5, 5, 5.5 na 6.35; Waingereza huviita kwa inchi 0.177, 0.20, 0.22 na 0.25. Mwaka 1905 kiwanda cha BSA cha Birmingham kilianza kutengeneza bunduki ya upepo iliyobuniwa na Lincoln Jeffries, yenye kasiba ya mifuo. Baadaye matundu yalipewa namba, la kwanza, la pili na la tatu, na namba moja lilikuwa hilo hilo dogo tunalolilaumu sisi. Katika mji huo watu walishindana katika vilabu vya pombe, wakipiga kitundu katika bamba la chuma, na nyuma ya bamba kengele. Ilipolia, wote walijua. Mchezo huo ulitumia risasi ndogo.

Basi tuje kwenye hesabu. Sheria ya Uingereza huruhusu bunduki ya upepo isiyozidi nguvu ya futi-ratili 12, yaani jouli 16 na kidogo, imilikiwe pasipo cheti cha silaha. Twaa bunduki mbili zenye nguvu hiyo hiyo. Risasi ndogo ya kawaida ina uzito wa gramu 0.54 hivi, nayo hutoka kwa mwendo wa meta 244 kwa sekunde. Risasi kubwa ina gramu 0.94, na hutoka kwa meta 186 tu. Nguvu ni moja. Iliyo nzito huenda polepole. Na iendayo polepole huvutwa na ardhi kwa muda mrefu zaidi. Kwa hesabu yangu, katika meta 25 ile ndogo hushuka kama sentimita 6 chini ya mstari wa kasiba, na ile kubwa kama sentimita 10.

Mtasema, je, kushuka ni kukosa shabaha? La, sivyo. Ukijua umbali, huinua macho ya bunduki, na risasi zote hushuka sawasawa. Taabu huja pale umbali usipojulikana. Mtu akidhani kitu kiko meta 35, kumbe kiko 40, risasi ndogo itampotea kama sentimita 2, na kubwa zaidi ya sentimita 3. Kwa sababu hiyo katika mashindano ya Uingereza ya kupiga shabaha za chuma zilizofichwa porini, ambako mpigaji hukadiria umbali mwenyewe, karibu wote huchagua milimita 4.5, wala hakuna aliyewalazimisha. Mashindano ya Olimpiki ya meta 10, yaliyoanza Los Angeles mwaka 1984, nayo hutumia kipimo hicho, na duara la kumi lina upana wa nusu milimita. Walakini siwaletei hayo kuwa ushahidi kamili, maana pale kanuni ndiyo iliyochagua, si mpigaji. Kanuni yenyewe ina maana: risasi pana hugusa mstari wa duara upesi zaidi, ikamwongezea mtu alama asizozistahili.

Sisi hupiga meta 15, mahali palipopimwa kwa kamba. Katika umbali huo tundu kubwa halitupi faida, na dogo halitunyimi kitu.

Sitaki niwe kama wakili asemaye upande mmoja. Kuna mahali risasi kubwa hushinda. Bunduki zenye kamani kali sana huitupa risasi ndogo hata ikakaribia mwendo wa sauti, ambao ni meta 343 kwa sekunde katika hewa ya nyuzi 20. Hapo risasi yenye umbo la kiuno chembamba huyumba, na makundi ya matundu hutawanyika. Bunduki ya namna hiyo ni afadhali ipewe tundu la 5.5. Tena risasi kubwa ni rahisi kushikwa na vidole vinene kama vyangu, na ukingo wake wa nyuma haupindiki upesi. Lakini kamani zetu si kali. Tena kamani dhaifu ikipewa risasi nzito, risasi huenda kama jiwe lililotupwa na mtoto.

Sasa niungame. Mwaka jana niliposhindwa katika mashindano yetu nilisema maneno haya haya mliyoyasikia, kwamba tundu ni dogo. Nikajinyima miezi mingi nikanunua bunduki ya 5.5 ya kiwanda kile kile. Nikapiga risasi kumi kwa kila bunduki, nikatazama karatasi, nikahuzunika: kundi la bunduki mpya lilionekana kuwa pana zaidi. Kisha nikagundua kosa la pili. Nilipima toka ukingo wa nje hata ukingo wa nje, na tundu la risasi kubwa kwa kawaida huongeza upana. Yapasa kuutoa upana wa risasi moja, ndipo upate umbali wa katikati hata katikati. Nilipofanya hivyo makundi yakawa karibu sawa. Yote mawili yalikuwa mabaya.

Rafiki mmoja alinionyesha sababu. Nilikuwa nikiishika bunduki kwa nguvu kama mtu aliyeshika mwizi, na mara nyingine nikiilaza juu ya ubao mtupu. Akaniambia niilaze juu ya kiganja kilicho wazi, bega liiguse tu, niiache iende nyuma na mbele kama itakavyo, ila kila mara vile vile. Kisha akanipa risasi za kopo jingine. Vichwa vya risasi hutofautiana kwa sehemu ndogo sana za milimita, na kila kasiba ina kipimo ipendacho. Iliyo legelege haishiki mifuo sawasawa. Kwa mabadiliko hayo mawili bunduki zote mbili zilikusanya matundu. Fedha nilizotumia hazikurudi.

Kwa hiyo naiomba Halmashauri isiuze kitu. Inunuliwe risasi ya milimita 4.5 ya aina nne, kopo moja moja, na kila bunduki ijaribiwe kwa kila aina, risasi kumi kumi, kwa maana tatu hudanganya. Kazi hiyo niko tayari kuifanya jioni mbili pamoja na wowote wapendao, hasa waliosimama kinyume changu. Karatasi zangu za zamani, mbaya na nzuri, nimeziweka juu ya meza ya Bwana Mwandishi pamoja na rula. Mtu yeyote na aje azipime mwenyewe.