DAKIKA ZA HASHEEM



Pale Ipogolo, chini ya mlima wa mji wa Iringa, mahali ambapo barabara ya kupanda mjini inaachana na barabara kuu iendayo Mbeya na Tunduma, yuko fundi mmoja wa matairi ambaye kibanda chake ndicho bunge letu la jioni. Malori yaendayo Dar es Salaam husimama hapo ili madereva wakague breki kabla ya kwenda kuuteremka mlima Kitonga, na yale yatokayo Dar es Salaam husimama kupumua baada ya kuupanda. Kwa hiyo hoja hazikosekani, maana kila lori hushusha msemaji mpya. Mimi ni mwalimu mstaafu, nyumba yangu haiko mbali na hapo, na jioni hupita kusikiliza.

Juma lililopita nilikuta mjadala umekwisha kuchemka. Utingo mmoja, amevaa fulana ya mtumba iliyoandikwa Memphis, alikuwa akidai kwamba timu hiyo ndiyo iliyomwua kimchezo kijana wetu Hasheem Thabeet. “Unamchukua mtu wa pili kati ya vijana wote wa dunia,” akasema, “halafu unamsugulisha benchi! Angepewa dakika angekuwa mwingine kabisa.” Fundi hakuinua hata kichwa kutoka kwenye tairi lake. Akajibu kwamba dakika si sadaka, na kwamba kocha analipwa ili timu ishinde, halipwi kulea watoto wa watu. Hapo kila mtu akasema lake. Fundi aliponiona akaniamkia, “Kamwene mwalimu, njoo utuamulie.”

Sikuamua siku ile. Niliomba nipewe juma moja. Leo natoa hukumu yangu, na kwa kuwa niko redioni, hakuna atakayenikatiza.

Kwanza tukumbushane mambo yalivyokuwa. Hasheem alizaliwa Dar es Salaam mwaka 1987. Alianza kucheza mpira wa kikapu akiwa na umri wa miaka 15 hivi, akasoma Makongo, kisha akaenda Marekani kumalizia sekondari. Mwaka 2006 aliingia Chuo Kikuu cha Connecticut chini ya kocha Jim Calhoun. Urefu wake ni futi saba na inchi tatu. Tarehe 25 Juni, 2009, katika uteuzi wa wachezaji wapya wa ligi ya NBA, timu ya Memphis Grizzlies ilimchukua akiwa wa pili, nyuma ya Blake Griffin peke yake. Hakuna Mtanzania aliyewahi kufika NBA kabla yake. Wa tatu alikuwa James Harden na wa saba Stephen Curry, na majina hayo mawili ndiyo ambayo wabishi wa Ipogolo hupenda kumtandika nayo Hasheem. Sijui kwa nini hawaitandiki pia timu ya Minnesota, iliyochagua mara mbili mfululizo, wa tano na wa sita, na mara zote mbili ikamwacha Curry amekaa.

Katika msimu wake wa kwanza Hasheem alicheza michezo 68, kwa wastani wa dakika 13 kila mchezo. Alipata wastani wa pointi 3.1. Msimu wa pili dakika zilishuka zikawa nane na kitu. Februari 2011 akauzwa Houston Rockets, ambako hakucheza michezo hata kumi. Kisha Portland, kisha Oklahoma City, ambako msimu wa 2012/13 alicheza michezo 66 kwa dakika zipatazo 12. Mwaka 2014 safari yake ya NBA ikakoma baada ya michezo 224. Baadaye alicheza Japani na Taiwani.

Sasa tumsikilize fundi wa matairi, kwa sababu hoja yake ni nzito kuliko vijana wanavyofikiri. Mchezo wa NBA una dakika 48, na wachezaji uwanjani ni watano. Zidisha, utapata dakika 240. Hizo ndizo zote. Kocha hana ghala la kuchota nyingine. Kila dakika unayompa kijana anayejifunza umemnyang’anya mtu anayejua. Na pale Memphis, katika nafasi ya senta, mtu aliyejua alikuwa Marc Gasol, Mhispania ambaye mwaka 2013 alikuja kutangazwa mlinzi bora wa ligi nzima. Je, kocha Lionel Hollins angemwambia Gasol akae ili Hasheem ajifunze? Msimu mmoja kabla Hasheem hajafika, timu ile ilishinda michezo 24 tu kati ya 82. Msimu alioingia ilishinda 40. Uliofuata ilishinda 46, ikaingia katika hatua ya mtoano na kuwatoa San Antonio Spurs waliokuwa juu kabisa katika kundi lao. Kocha wa timu inayopanda namna hiyo hana cha kuombea radhi.

Lakini utingo naye hakusema upuuzi. Tumtazame huyo huyo Curry. Mwaka wake wa kwanza pale Golden State alicheza dakika 36 kila mchezo. Na timu yake? Ilifungwa michezo 56! Timu inayofungwa huwa na dakika za kugawa, msikilizaji, na kijana akikosea hakuna anayelia sana kwa sababu msiba umekwisha kuzoeleka. Harden naye hakuanza hata mchezo mmoja katika msimu wake wa kwanza. Alikuwa akitokea benchi. Ila alipotoka benchi alikaa uwanjani dakika 23. Kutokea benchi si aibu. Swali ni muda gani unakaa uwanjani baada ya kuinuka.

Mimi ninaona ushahidi mkubwa zaidi haupo Memphis. Upo Connecticut. Mwaka wa kwanza chuoni, kijana aliyekuwa ameujua mchezo kwa miaka minne hivi, alipata wastani wa pointi sita kwa mchezo. Calhoun hakumwondoa. Mwaka wa pili zikawa kumi na nusu. Mwaka wa tatu akicheza dakika zaidi ya 30 zikawa 13.6, akiokota mipira inayorudi zaidi ya kumi na kuzuia mitupo zaidi ya minne kila mchezo, na chuo kikafika nusu fainali ya taifa. Huyo ni mtu aliyefunzwa na dakika, mbele ya macho ya watu. Halafu akapelekwa mahali ambapo dakika hazikuwepo, akaambiwa aendelee kukua.

Hata hivyo tusimdanganye Hasheem wala tusijidanganye. Katika hizo dakika 13 alikuwa akizuia mtupo mmoja takribani kila dakika kumi, jambo ambalo si dogo. Lakini alikuwa mwepesi wa kupata faulo, miguu yake ilichelewa, na mpira ukimfikia karibu na kikapu mikono ilikuwa kama inafikiri kwanza. Hayo si makosa ya uvivu. Ni makosa ya mtu ambaye wenzake walianza kuudunda mpira wakiwa na miaka saba, yeye akaanza ndevu zinaota.

Mwezi Februari 2010 Memphis walimpeleka katika ligi ndogo, timu ya Dakota Wizards. Wakati ule hakuna mchezaji aliyeteuliwa juu kiasi hicho aliyewahi kupelekwa huko, na magazeti ya Marekani yakaliona ni fedheha. Nakumbuka hata huku watu walisikitika kana kwamba kijana amefungwa jela. Nathubutu kusema kwamba lile lilikuwa wazo zuri kuliko yote waliyokuwa nayo juu yake, na kosa lao lilikuwa kwamba lilidumu siku chache tu. Alicheza michezo ya kuhesabika kwenye vidole, akarudishwa benchini Memphis. Linganisha na Gasol huyo huyo. Yeye aliteuliwa mwaka 2007 akiwa wa 48, yaani mahali ambapo watu wamekwisha kuzima televisheni. Hakuja Marekani kukaa benchi. Alibaki Girona, kwao Hispania, akacheza msimu mzima akawa mchezaji bora wa ligi yao, ndipo akavuka bahari. Alipofika alikuwa na miaka 23 na mgongo uliokwisha kubeba lawama za timu. Yeye alisubiri akicheza. Hasheem alisubiri amekaa.

Hapa ndipo hukumu yangu ilipolala. Fundi ana haki kuhusu timu ya watu wazima wanaolipwa. Pale dakika si sadaka. Lakini ikiwa hivyo ndivyo, basi lazima pawepo mahali pengine ambapo kijana anazipata bila kuzilipia kwa ushindi, na kwa Hasheem mahali hapo palikuwa pawe hapa kwetu, miaka ile ya darasa la tatu hadi kidato cha pili. Hatukumpa. Hizo dakika tunazowadai Wamarekani sisi wenyewe tulikuwa nazo bure, tukazimwaga.

Nasema sisi kwa sababu nami nimo. Miaka mingi iliyopita nilikuwa mwalimu wa michezo katika shule moja ya sekondari ambayo sitaitaja. Nilikuwa na kijana wa kidato cha pili, mrefu kama mlingoti wa bendera, aliyetokea kijijini ambako hakuwahi kuona kikapu. Alikuwa akitembea na mpira mikononi pasipo kuudunda, watazamaji wakamcheka, nami nikamwambia akae ajifunze kwa kuwatazama wenzake. Akakaa. Msimu mzima alicheza dakika sita. Nazijua kwa sababu mimi ndiye niliyekuwa nikizipima. Siku moja tukirudi ndani ya lori la shule akaniuliza kwa adabu sana, “Mwalimu, sasa mimi nitajifunzia wapi?” Nilimjibu kwamba tuna kombe la kutwaa. Muhula uliofuata hakuja mazoezini, na mimi sikwenda kumwuliza. Kombe tulilitwaa. Leo ukiniuliza liko wapi, siwezi kukuambia.

Baada ya lile bunge la fundi, jirani yangu mmoja, mama anayeuza nyanya kando ya barabara, alinijia nyumbani. Mjukuu wake wa miaka 14 anacheza katika timu ya watoto mjini, na kwa miezi miwili hajaingia uwanjani. Kijana ameanza kusema mguu unamwuma kila ifikapo siku ya mchezo. Mama yule hajui NBA wala Memphis. Aliniomba tu nikazungumze na kocha, maana mwalimu kwa mwalimu huelewana.

Nilipanda mlima nikaenda. Kocha ni kijana msikivu, anafanya kazi ile pasipo mshahara, mipira miwili aliyonayo aliinunua mwenyewe. Nikamweleza. Nikamwambia ziko nchi ambako katika mashindano ya watoto kanuni inataka kila aliyevaa jezi acheze, na kwamba wakubwa watagombania dakika wakiwa wakubwa. Akanisikiliza hadi mwisho, kisha akasema, “Shikamoo tena mwalimu, lakini naomba nikuulize. Wazazi wa wale watano wanaocheza nitawaambia nini tukifungwa? Wewe enzi zako ulifanyaje?”

Lilikuwa swali la haki. Nikamsimulia habari ya kombe langu, yote, hata ile safari ya lori. Tulikaa kimya kidogo pale kwenye ngazi za uwanja, watoto wakiendelea kutupa. Mjukuu wa jirani yangu alikuwa pembeni kabisa, mpira haukumfikia.

Mwishoni kocha akasema atampa robo ya pili. Robo nzima, dakika kumi, afanye vizuri au avurunde, hatamtoa. Nikamwuliza kama anaahidi hata wakiwa nyuma kwa pointi ishirini. Akacheka akasema wakiwa nyuma kwa ishirini ni rahisi. Kazi itakuwa wakiwa mbele kwa mbili.

Mchezo ni Jumamosi hii saa tisa alasiri. Fundi amesema atafunga kibanda aje kuona kwa macho yake, na kwamba kijana akitembea na mpira asiombwe kupiga makofi. Mimi nitakuwa nimekaa na bibi yake. Hadi juma lijalo, ndugu msikilizaji, kwaheri.